Msingi wa Kunakili

Majirani, nisikilizeni, hasa ninyi wenye ploti na haraka.

Jumapili moja baada ya ibada, Nahashon, muuza viatu wa soko la Muthurwa, alituita kwenye ploti yake hapa nyuma ya mtaa wa Komarock. Tulichoma nyama, mkewe Waringa akatumiminia chai, watoto wakacheza juu ya mchanga wa ujenzi. Kisha mtu akachungulia mtaro wa msingi, akakuta umejaa maji, na mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu.

Mwenye akili angeuliza maji yametoka wapi. Nahashon aliyachota kwa kikombe, akayaonja, akatangaza kwamba Mungu amempa kisima cha bure. Nanyi mkaitikia amina.

"Baba Kui," Waringa alimwambia, "tuite watu wa kupima udongo kwanza. Wachimbe waone huko chini kuna nini."

"Msingi wa jirani yetu Andati una kina cha futi ngapi?" Nahashon akauliza.

"Tano. Lakini yeye..."

"Na nyumba yake si imesimama? Basi na sisi ni tano. Hiyo mambo ya maabara ni ya watu wamekosa kazi."

Andati amejenga juu ya mwamba. Ploti ya Nahashon ilikuwa shimo la zamani la kuchimbia mawe, lililofukiwa kwa takataka na udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Lakini bwana mkubwa alikuwa na pesa za geti lenye vichwa vya simba, si za kupima udongo. Akayavuta maji kwa pampu, akamwaga zege, akapandisha ghorofa nne, kisha yeye na mkewe wakahamia nyumba ya chini, za juu wakapangisha.

Mvua za Aprili zilipokuja, milango ikaanza kukwama. Akaita seremala airande. Ikakwama tena, ikarandwa tena. Kuta zikapasuka, akazipaka rangi. Mtu mzima, tena mzee wa kanisa, anautibu udongo kwa rangi.

Asubuhi moja jengo lilitoa mlio, likaanza kuinama. Wapangaji wakakimbilia nje. Nahashon alikuwa getini akiwapangusa simba wake. Waringa alikuwa chumbani, na mlango ulikuwa umekwama.

"Mama Kui, vuta kwa nguvu," Nahashon akapaza sauti.

"Haifunguki. Nimevuta, haifunguki."

Kimeu, mpangaji wa juu, ndiye aliyerudi na mtalimbo, akang'oa grili ya dirisha na kumtoa mama wa watu, mkono umevunjika. Hawakuwa wamefika barabarani nyumba ya chini ikapondeka, na zile za juu zikaanguka juu yake.

Nahashon akaketi kwenye matope. "Huyu ni shetani, Mama Kui. Shetani ameingilia kazi yetu."

Waringa alimtazama, ameushikilia mkono wake uliovunjika. "Shetani hakukuomba upime udongo. Ni mimi nilikuomba."

Akaenda kwa binti yao Kui, kule Mathare. Hajarudi.

FUNZO

Nyumba ya jirani haikuambii kilicho chini ya ploti yako. Kabla ya kujenga, ita mtaalamu achimbe, aupime udongo, ajue maji yako karibu kiasi gani, kisha msingi ufuate majibu yake. Ukiona hiyo ni hasara, usijenge. Nunua geti tu. La Nahashon bado limesimama, simba wote wawili, likilinda kifusi.