Futa kwa Kila Mtu

Siku ilianza vizuri tu. Mshonaji wa mtaani kwetu, yule wa chumba cha kona, alikuwa amemaliza kupiga pasi gauni la mteja na sasa anasubiri kutumiwa picha ya mshono mwingine. Picha ikagoma kufunguka. Simu ikamwandikia kwamba nafasi imejaa.

"Imeshiba tena?" mteja akacheka. "Hiyo simu yako inakula kuliko mume wangu!"

Mshonaji akatabasamu. Kazi ile alishaizoea. Aliingia kwenye mipangilio, akafungua sehemu ya hifadhi, akaanza na vile vizito: video za vichekesho kutoka kwenye makundi, picha za maua za kumtakia asubuhi njema, mishono ya zamani isiyovaliwa tena na mtu. Akafuta, akafuta. Alipofika kwenye sauti, kidole kikasita.

Sauti zote zilikuwa za marehemu mume wake.

Mumewe alikuwa fundi umeme. Alifia juu ya dari ya ukumbi wa sherehe, akiunganisha nyaya ambazo umeme ulikuwa unapita ndani yake. Mdogo wake, aliyekuwa naye kazini siku ile, aliwaambia watu, "Kaka alisahau kuzima." Neno likasambaa. Hata msibani wapo waliotikisa vichwa: fundi mzima, asahau kuzima! Mjane aliyasikia hayo akiwa amekaa chini.

Asubuhi ile ile mumewe alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Cherehani ilikuwa inaunguruma, akasema atausikiliza akipumzika. Kabla hajapumzika, habari ya kifo ikamfikia. Tangu hapo hakuthubutu kuugusa. Aliona kwamba akishausikiliza, basi, mume wake atakuwa amemaliza kusema naye hapa duniani.

Mteja alikuwa anapimwa kiuno pale shemeji, yule mdogo wa marehemu, alipoingia. Watu walimwita Spika, kwa sababu alikodisha vipaza sauti na kutangaza kwenye arusi, na kwa sababu hata akinong'ona, mtaa wa pili wanaitikia.

"Lete nikusafishie, shemeji," alisema alipoona simu imejaa. "Utakimbiza wateja kwa simu iliyovimbiwa."

"Sauti usiziguse."

"Ah, shemeji! Mimi na kaka tumelala kitanda kimoja toka utotoni. Nitagusaje?"

Akampa. Mteja alipoondoka, Spika akairudisha simu, nyepesi, haina tatizo. Mshonaji akafungua mazungumzo ya mumewe. Palikuwa peupe. Hapakuwa na neno wala sauti.

"Shemeji, ziko wapi?"

"Nimekupunguzia mzigo. Sauti ya maiti si kitu cha kutembea nacho kwenye mkoba." Hakumtazama usoni. "Ipo siku utanishukuru."

"Wewe ulikuwa naye alipokuwa anairekodi," mjane alisema polepole. "Unajua alichoniambia."

Spika akacheka, lakini kicheko kilikuwa kidogo, hakikulingana na jina lake. Akatoka.

Mshonaji akavuta pazia. Akapiga magoti kati ya cherehani na ukuta, mahali alipozoea kusali. Alikusudia kuomba subira. Lakini moyo ulikuwa unawaka, na kinywa kikatoa maneno ya simu. Maana kila akikosea na kumtumia mteja picha isiyo yake, akitaka kuifuta simu humuuliza achague: afute kwake tu, au afute kwa kila mtu.

"Ee Mungu mwenye haki," alisema. "Aliyeifuta sauti ya mume wangu, ifute yake. Futa kwa kila mtu."

Sindano ya cherehani ikashuka. Mara moja. Hakuna aliyeigusa.

Baada ya hapo Spika akaanza kukwaruza. Akalaumu vumbi, akalaumu maji baridi. "Koo limejaa," alilalamika kwa kila aliyekutana naye. "Kuna kitu kimekaa, hakishuki wala hakitoki." Daktari alimmulika kwa tochi, akasema koo ni safi kabisa. Spika akaondoka ameshika shingo, anameza, anameza tena.

Alasiri moja mama mkwe akaikusanya familia sebuleni kwake wamwombee marehemu. Sala ilipokwisha, akamgeukia mwanawe aliyebaki.

"Mwanangu, msemee kaka yako mawili matatu."

Spika akasimama. Akameza.

"Kaka yangu," akasema kwa kukwaruza, "alisahau…"

Sauti ikakatika. Midomo ikaendelea kucheza. Kisha midomo nayo ikasimama, kinywa kikiwa wazi. Ulimi haukusogea.

Humo ndani ya kinywa ngazi ikalia kwa mlio wa chuma. Nyundo ikagonga. Mtu akakohoa. Halafu akasema.

"Mke wangu, nitachelewa kidogo. Umeme nimeuzima mwenyewe. Sanduku la swichi nimelifunga, ufunguo nimempa Spika. Ana haraka ya kujaribu vipaza sauti vyake, unamjua, lakini nimemwambia angoje nishuke. Niwekee chai."



"Huyo ni mkubwa," mama mkwe alinong'ona. "Huyo ni mwanangu mkubwa."

Spika aliingiza vidole kinywani kana kwamba anatafuta mtu. Hakuna kitu. Akaanguka magotini mbele ya mjane wa kaka yake, akamshika miguu. Midomo ilikuwa inatamka, tena na tena, neno moja ambalo hata mtoto angelisoma. Nisamehe.

Mjane alimtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini uso ulikuwa umetulia. Alijua kwamba angeweza kupiga magoti tena na kuomba sauti ile irudishwe.

"Sikusikii, shemeji," alisema.

Spika yupo hai mpaka leo. Anaonyesha kwa mikono anachotaka dukani. Lakini yeye si bubu wa kwanza duniani, na si hilo linalowafanya watu wafunge milango wakimwona.

Waliooa akiwatangazia wameitazama upya video ya arusi yao. Muziki unasikika. Vigelegele vinasikika, hata viti vinavyoburutwa. Yeye akishika maiki, kimya kinaingia, kinywa kinacheza, wageni wanacheka kwa jambo ambalo hakuna anayelisikia. Wenye ujumbe wake wa sauti kwenye simu wakiubonyeza, unatembea mpaka mwisho, mtupu.

Na mama yake mzazi, aliyemzaa na kumlea, akiulizwa mwanao alikuwa na sauti gani, nene au nyembamba, hufikiri sana. Kisha hulia. Hakumbuki.