Miguu ya Karatasi

Mimi niliyefika hadi Tanga nisijifunze adabu, nilimcheka rafiki yangu Saburi pale Kemondo kwa kukunja suruali kama anayevuka mto. Saburi akanisimulia.

Enzi za vijiji vya ujamaa, alijifunza kuchora na kukata watu wadogo wa karatasi kwa ajili ya maonyesho. Wa kwake walikuwa na vichwa kama vibuyu. Wa Jovita, aliyejifunza pamoja naye, walilingana viungo, na kila Jovita aliposifiwa, Saburi aliona wivu. Siku moja akachukua mkasi, akampunguza miguu yule mtu wa karatasi wa Jovita aliyesifiwa kuliko wote.

Akirudi kwao, katika giza la migomba, alisikia kitu kikiburuzika nyuma yake kwenye majani makavu. Akisimama, kinanyamaza. Kumbe pindo za suruali yake.

“Umeishona ndefu,” akamlalamikia mkewe.

Mkewe akaipima. “Suruali ina urefu uleule wa asubuhi,” akasema, akiikodolea macho miguu ya mumewe.