Mguu wa Nyatichi Ndani ya Beseni

Nyatichi aliuza ndizi sokoni Uriri. Alizipanga mbivu mbele, mbichi nyuma, na mteja aliyebonyezabonyeza bila kununua aliambiwa wazi aendelee na safari.

Siku moja bati la kibanda lilimkata nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Alifunga kitambaa, akaendelea kuuza. Baada ya wiki tatu kidonda kilikuwa bado wazi. Ndani yake ilionekana kano, ile kamba nyeupe inayovuta kisigino.

Alienda hospitali. Hakutaka kuchelewa: mumewe, Obare, alikuwa amekufa kwa kidonda cha mguu huku ndugu wakibishana apelekwe wapi.

Daktari alisafisha kidonda. Alisema ngozi haishiki juu ya kano tupu. Alitaka kwanza kuifunika kwa kipande cha tishu ya nguruwe.

Marcella, dada yake Obare, alikuwa amemsindikiza. Alisimama.

"Nguruwe? Sisi Wasabato? Chukua leso yako twende."

"Wewe nenda, wifi. Huu mguu ni wangu."

Muuguzi Helen alivuta kiti. "Mama, uliza kabla ya kuweka sahihi. Ni haki yako."

"Nitaota manyoya?"

Helen alicheka. "Hapana. Kiwandani wanaondoa chembe zote za mnyama na kuua vijidudu. Kinachobaki ni kama wavu mwembamba. Nyama yako mwenyewe inakua ndani yake. Baadaye daktari ataweka juu ngozi kutoka paja lako."

"Na kikikataa?"

"Wakati mwingine hakishiki. Tunaanza upya."

"Hakuna cha ng'ombe?"

"Kipo, lakini hapa kimekwisha. Kuagiza ni wiki mbili, na kano ikikauka inakufa."

"Tungoje," Marcella alisema. "Ukoo ukae kikao."

"Kikao cha Obare kilikaa mara nne. Cha tano kilikuwa cha jeneza."

Marcella aliinua kidole. "Maandiko yanakataza hata kugusa."

"Sitagusa. Daktari atagusa."

Nyatichi akaweka sahihi.

Baada ya upasuaji alifuata alivyoambiwa. Alitembea kwa magongo bila kukanyaga kwa mguu ule. Hakupaka dawa za miti. Kila wiki alirudi hospitali bandeji ibadilishwe. Nyama ikajaa, kano ikafunikwa, kisha ngozi ya paja ikawekwa, ikashika. Mwezi wa tano baada ya upasuaji alirudi sokoni bila gongo.

Ikafika Sabato ya kutawadhana miguu, waumini wanapooshana kabla ya Meza ya Bwana. Wanawake waliingia chumba chao, wakachaguana wawili wawili. Habari za nguruwe zilikuwa zimemtangulia Nyatichi. Hakuna aliyemchagua.

Alikaa kwenye benchi la mbele. Alivua kiatu, akatia mguu wake katika beseni mbele ya wote.

"Nitangoja hapa," alisema. "Hata maji yakipoa."

Wengine waliimba wakiangalia pembeni. Mwishowe Marcella alikuja, akapiga magoti. Alishika ule mguu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Kisha akaushika kwa mkono wote. Alipitisha kidole juu ya kovu, taratibu.

"Tungemwahisha, Obare angekuwa na mguu kama huu," alisema kwa sauti ndogo.

"Angekuwa nao," Nyatichi alijibu. "Osha na kisigino."