Mkwe wa Aikaeli Aliyetoka Pangani

Kila Desemba ni hivyo hivyo. Mnapanda mlimani na magari yenu, mnakula nyama mpaka mikanda inagoma kufunga, kisha mmoja wenu anasema: Bibi, tusimulie lile jini la Jesse. Kana kwamba mimi ni redio ya kaseti, mnabonyeza tu. Mwaka huu Beatrice kaniletea na daftari, eti niandike, nikifa habari isipotee. Ingepotea ingekuwa afadhali. Haya, nimeandika. Msiniulize tena.

Aikaeli alikuwa jirani yangu hapa Machame. Shamba lake na langu yametenganishwa na mfongo tu, ule mtaro wa maji yanayoshuka kutoka msituni. Alikuwa mjane, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na mtoto aliyebaki naye nyumbani alikuwa mmoja, Jesse.

Jesse alikuwa karani wa ghala mjini Moshi. Miaka ile bei ya kahawa iliposhuka mpaka watu wakang'oa mibuni, maghala nayo yakaanza kupunguza watu kazini, naye akapunguzwa. Wenzake waliuza mitumba. Yeye akaandika vitabu vya mapenzi, vile vidogo vyenye msichana anayelia jaladani, vinauzwa stendi pamoja na karanga. Aliyemchapia ni Primus, mwenye mashine ya kupiga chapa kule Majengo. Primus akamwambia watu wamechoka na mapenzi ya Dar, wanataka ya kale, ya maharusi wa majumba ya mawe na milango ya nakshi. "Nenda ukauone mji wa zamani kwa macho yako," akamwambia. "Usiniletee mambo ya kuotea."

Jesse akaenda Pangani. Akarudi na mfuko umejaa karatasi, akajifungia chumbani kwake, kile cha uani chenye mlango wake.

Kilichoanza ni uwanja. Asubuhi moja Aikaeli alivuka mfongo na ndoo mkononi, anacheka peke yake.

"Mama Eliamini, nimepata mkwe."

"Hilda ameshahamia? Na mahari bado?"

Hilda alikuwa mchumba wa Jesse, binti wa muuza mahindi wa soko la Sanya Juu. Barua ya posa ilishapelekwa, pombe ya mbege ya kwanza ilishanywewa.

"Si Hilda. Hilda angekuja kunisalimia. Huyu amejificha mle chumbani, ana aibu. Lakini anaamka kabla ya kuku! Njoo uone alivyofagia."

Nikaenda. Mistari ya ufagio ilikuwa imenyooka kama nywele zilizosukwa, kutoka mlango wa Jesse mpaka kwenye migomba. Nikaitazama. Mtu akifagia lazima akanyage mahali, na akimaliza unyayo wake unabaki. Pale hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Amefagia akiwa amesimama wapi?" nikauliza.

"Wewe na mdomo wako!"

"Umeshamwona?"

"Nimempikia."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa adabu. Kwetu, kijana akileta msichana kimyakimya, mama hapigi kelele. Anapika, anaweka sahani mlangoni, anaondoka bila kuchungulia. Msichana akishakula chakula cha mkono wa mama ndani ya boma, amepokelewa. Mengine wazee watamalizana. Aikaeli alikuwa amepika mtori wa ndizi na mfupa. Sahani ilirudi mlangoni imeoshwa, imefutwa, inanukia asmini.

"Na mfupa?" nikauliza.

"Mfupa gani?"

"Wa kwenye mtori. Ameutupa wapi?"

"Labda ameutafuna."

"Mfupa wa paja la ng'ombe, Aikaeli?"

Akachukua ndoo yake akaenda kukamua. Siku ile ng'ombe hawakutoa maziwa.

Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu unashuka mchana, migomba inaonekana kama watu waliosimama wakingoja kuitwa. Nilikuwa nakata majani karibu na mpaka nikamsikia Jesse anasoma kwa sauti, na mwanamke anamsahihisha.

"Sikuvaa hivyo," mwanamke akasema. "Ushungi wangu ulikuwa wa hariri. Na mlango ule hufunguka kwa ndani."

Kilikuwa Kiswahili cha pwani, cha kuteleza, si hiki chetu cha kujikwaa kwenye meno. Nikavuka, nikapiga hodi. Jesse akafungua kidogo. Alikuwa amekonda, midomo imepauka kama ya mtu aliyekula ndizi mbichi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Uko na nani?"

"Naandika tu."

Nyuma yake sauti ikasema, "Mwambie bi mkubwa aingie. Baridi hii yauma."

Nikachungulia juu ya bega lake, nikaona kitanda, nikaona meza na karatasi, nikaona kiti cha marehemu baba yake, na kwenye kiti blanketi la mistari lililokaa wima lenyewe, limezunguka mabega ambayo hayakuwepo, linapanda na kushuka polepole kama la mtu anayepumua, na pale ambapo pangekuwa na kichwa palikuwa na ukuta, na harufu ya asmini ikanifikia, na chini ya asmini harufu ya tope la mto, tope la zamani lililolaliwa na vitu visivyotolewa, na lile blanketi likageuka taratibu likanielekea, likainama kwa heshima.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Sikuitikia. Nitasemaje marahaba kwa kitu ambacho pengine kilikuwepo kabla babu yangu hajazaliwa?

Nilimshika Jesse mkono, nikamvuta mpaka kwenye mfongo.

"Nani yule?"

"Usiseme kwa nguvu," akanong'ona. "Ni wa Pangani. Ile nyumba niliyopanga ilikuwa na chumba juu kimefungwa. Mlinzi akanifungulia, akasema tazama utakavyo, lakini usiulize kitu mle ndani."

"Ukauliza."

"Niliuliza kama yupo aliyewahi kupendwa mle. Sauti ya mwanamke ikanijibu, Mama Mkubwa. Alinisimulia habari ya bibi harusi wa nyumba ile, sijawahi kusikia kitu kama kile. Alipofika katikati akanyamaza. Akaniuliza, nikitaka iliyobaki, nitampa nini."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nitamwoa. Nitampenda mpaka mwisho." Akatazama chini. "Nilisema tu. Kama wanavyosema vitabuni."

"Na Hilda?"

"Hilda hakuwepo."

Nilitaka kumzaba kibao, lakini shavu lake lilikuwa limeshazabwa na kitu kingine. "Na huku mlimani kafuata nini?"

"Anasema maji ya mto wao yanatoka kwetu. Ameyanywa miaka yote, akataka kuona yanakoanzia."

Tukautazama mfongo unavyopita miguuni petu. Tukarudi nyuma sote wawili.

Nilimwambia Aikaeli. Hakulia. Alikaa jikoni, akaendelea kuchambua maharage, akatupa mazima na kubakiza mabovu. Toka siku ile aliacha kupeleka sahani, lakini uwanja uliendelea kufagiwa.

Jumapili baada ya ibada Hilda akapanda kutoka Sanya na mfuko wa mahindi mabichi kichwani. Msichana mcheshi, mwenye mwanya. Hatukuwahi kumzuia njiani.

"Shikamooni. Jesse ananikwepa siku hizi," akasema, amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. "Au amepata mwanamke wa kitabuni?"

Hatukucheka. Kisha upande wa ukutani, karibu kabisa, sauti ikauliza bila hasira, jinsi mwenye nyumba anavyouliza habari za mgeni:

"Huyu ni nani katika nyumba ya mume wangu?"

Kikombe kikainama. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi ikammwagikia Hilda mikononi, mvuke ukapanda, ngozi ikawa nyekundu. Yeye akaitazama tu mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Mama," akamwambia Aikaeli, "sisikii maumivu."

Nilimshika vidole. Vilikuwa baridi kama jembe lililolala nje. Kesho yake ganzi ilikuwa kwenye viwiko. Hospitali walimdunga sindano, hakushtuka, wakasema asubiri daktari mkubwa. Baba yake akaja kwa Aikaeli, kofia mkononi, hana hata nguvu ya kugomba. "Inapanda," akasema. "Ikifika moyoni?" Akaondoka bila kuketi.

Mchungaji akaja na wazee wa kanisa. Wakaomba mlangoni kwa Jesse mchana kweupe. Kila walipomaliza ombi, sauti ya ndani iliitikia "Amina", kwa unyenyekevu, tena ikiwatangulia wazee. Mchungaji aliondoka akasahau mwavuli wake. Hajaurudia mpaka leo.

Ikabaki Majengo. Primus alimjua mama mmoja Mdigo, asubuhi anauza vitumbua, mchana anashughulika na mambo haya. Aikaeli alishuka na kanga usoni watu wa kanisani wasimtambue, akarudi naye. Yule mama alivaa sweta la mwanamume juu ya buibui na kulaani baridi yetu njia nzima. Akakaa kizingitini kwa Jesse, akawasha udi kwenye chetezo, akazungumza na chumba kwa muda mrefu, taratibu, kama mshenga. Jesse alisimama kando, mikono kwapani. Ndani hapakuonekana kitu ila blanketi kitini.

Mwishowe akatugeukia. "Huyu hafukuzwi kwa moshi. Kijana kamposa, mama kamlisha. Mmeoa wenyewe."

"Sikujua," Aikaeli akasema.

"Anajua hukujua. Anakushukuru kwa mfupa."

"Muulize anataka nini aondoke," nikasema. "Mbuzi? Kitambaa?"

Sauti ikajibu yenyewe. "Sitaki mbuzi. Sitaki damu. Alisema atanipenda mpaka mwisho. Na anipe pendo hilo nirudi nalo kwetu, nami nitamwachia yule msichana mikono yake."

Mdigo akamtazama Jesse. "Fikiri, mwanangu. Ukimpa, umempa lote. Hawa hawakati vipande."

Jesse akacheka. Mbele yetu sote alicheka, kama mtu aliyedhani anadaiwa ng'ombe akaambiwa ni yai.

"Hilo tu? Achukue."

"Jesse," Aikaeli akasema.

"Nimesema achukue!"

Kwa kusema achukue simlaumu. Hilda ganzi ilishafika mabegani. Namlaumu kwa kucheka.

Blanketi likaanguka kitini kama nguo tupu, na harufu ile ya asmini ikatupita mlangoni, ikampita Aikaeli ikakawia kidogo mbele yake kama mtu anayeaga, ikashuka uwanjani bila kuvuruga mstari hata mmoja wa ufagio, mbwa wakalala kifudifudi, kisha maji ya mfongo yakaanza kupasuka, chwa, chwa, chwa, kwa hatua za mtu asiye na haraka, na bangili zikilia, yakashuka kupitia shamba langu, yakapita kwa jirani wa chini, tukayasikia mpaka barabarani, tukayasikia hata pale ambapo sikio la mtu lisingefika, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuwa wa kwanza kusogea.

Alasiri ile ile, Sanya Juu, Hilda alipiga yowe lililomtoa baba yake sokoni. Maumivu ya chai yalikuwa yamemfikia yote kwa pamoja. Walimshukuru Mungu huku analia.

Alipopona akapanda kuja kumwona Jesse. Alimkuta anapogolea mibuni iliyobaki.

"Habari za Sanya?" Jesse akamsalimia. "Mahindi yamekuja vizuri?"

"Jesse, ni mimi."

"Najua. Hilda." Alilitamka jina kama anayesoma kibao cha dukani, akarudi kwenye mibuni yake.

Hilda alingoja mpaka mvua za masika. Kisha akaolewa na fundi seremala wa kwao. Jesse alialikwa, akaenda, akasaidia kubeba mabenchi, akala wali, akasifu wali. Zile karatasi za Pangani alimpa mama yake awashie moto. Si kwa hasira. Zilikuwa zimejaa tu mezani.

Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Hakunywa, hakupiga, hakuiba. Mtoto wa dada yake alipokufa kwa homa alichimba kaburi vizuri, pembe zimenyooka, akaosha jembe, akauliza nani amekamua. Mimi pia sikulia siku ile. Lakini mimi nilijizuia.

Kisha Aikaeli akalala kitandani, ikawa wazi kwamba hainuki. Jesse ndiye aliyemwuguza, na hakuna binti ambaye angemzidi: uji kwa wakati, shuka safi, anamgeuza asipate vidonda. Nilikuwa nimekaa pale mchana, naye Aikaeli akamshika mkono.

"Jesse, baba. Unanipenda?"

Jesse akafikiri. Alifikiri muda mrefu, kama mtu anayepapasa mifuko yote akitafuta ufunguo. Nadhani alitaka kumpa jibu la kweli. Alishajua neno lile likisemwa bure linafika wapi.

"Mama," akasema, "nakukumbuka."

Aikaeli akageukia ukutani. Jesse akachukua taulo, akamfuta machozi, kwa utaratibu, huku na huku, asibakize kitu, jinsi mtu anavyofuta meza wageni wakishaondoka.