Mlango Uliogeuka Meza

Nyumba ya Fundi haikujua kiti kitupu.

Fundi alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Mke wake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, ambapo kila mpita njia angeweza kusimama. Na wapita njia walisimama kweli. Huyu alileta sketi ya kupunguzwa kiuno. Yule alileta suruali ya kuwekwa zipu. Mwingine hakuleta nguo yoyote. Alileta habari tu.

"Mmesikia?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya baraza lile.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na sita. Aliongea tangu kuamka hadi kulala, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Redio. Basi mama yake akawa Mama Redio. Bibi, mama mzazi wa Fundi, alikaa kwenye kiti chake pembeni. Kazi yake ilikuwa kusahihisha habari zilizokosewa.

"Si Jumanne," angesema. "Alimkimbia mumewe Jumatano. Semeni vizuri."

Nyumba hiyo ndiyo iliyopata mgeni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba kutoka nchi ya mbali. Alikuja kusoma mwaka mmoja katika shule ya Redio. Kiswahili alikuwa amejifunza kwao, na alikiongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Chama cha kubadilishana wanafunzi kilitafuta familia ya kumpokea. Mama Redio aliinua mkono kabla hata hajaulizwa.

"Kwangu atapata watu," alisema. "Hatakaa mpweke hata dakika moja."

Ahadi hiyo aliitimiza. Shida ilianzia hapo.

Mgeni alipewa chumba chake, kimepakwa rangi mpya. Kitanda na meza vilitoka mikononi mwa Fundi. Mlango pia. Lakini chumba hicho hakikuwahi kuwa na mtu mmoja. Mgeni akisoma, Redio alikaa kitandani akimsimulia mambo ya shule. Mgeni akiandika barua, Bibi aliingia kutazama mwandiko. Wateja nao waliletwa kumwona.

"Ingieni, msiogope," Mama Redio aliwaambia. "Mtoto wetu huyo."

Mgeni alitabasamu. Alisalimia. Alijibu maswali yaleyale kila siku. Ndiyo, kwao ni mbali. Ndiyo, ana kaka mmoja. Hapana, hajaposwa.

Siku moja alitoka shule, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Barazani mkasi wa Mama Redio ulisimama katikati ya kitambaa. Katika nyumba ile, mlango ulifungwa kwa sababu mbili tu: mtu anaumwa, au mtu amenuna.

"Mtoto kajifungia!" alisema. "Nani kamuudhi?"

Aliinuka, akausukuma mlango, akaingia.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Umekasirika?"

"Hapana, Mama. Nimechoka tu."

"Umechoka! Kumbe ni hilo tu? Basi njoo barazani upumzike."

Barazani kulikuwa na watu saba.

Kesho yake mlango ulifungwa tena. Keshokutwa pia. Wiki ya pili Mama Redio alimfuata mumewe karakanani.

"Baba Redio, toa ule mlango."

Fundi aliweka randa chini. "Mlango gani?"

"Wa Mgeni. Mtoto anajifungia na huzuni zake. Ukiwa haupo, hatajifungia. Nitaweka pazia la maua."

"Mke wangu, ule mlango niliutengeneza kwa mikono yangu."

"Basi uutoe kwa mikono yako hiyohiyo."

Fundi alipenda amani kuliko mlango. Alichukua bisibisi, akafungua bawaba. Mgeni alirudi kutoka shule akakuta pazia.

"Baba, mlango uko wapi?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Umevimba. Nitaupiga randa kidogo, utarudi."

Ulikuwa uongo. Mlango haukupigwa randa. Ulilazwa barazani juu ya magogo mawili, na Mama Redio akapata meza nzuri ya kukatia vitambaa. Alichora juu yake kwa chaki: mkono wa shati hapa, mguu wa suruali pale.

Sasa ikazuka shida nyingine. Katika nyumba nzima kulikuwa na sehemu moja tu yenye komeo: bafuni. Mgeni alianza kukaa huko. Mwanzo robo saa. Kisha nusu saa. Kisha saa nzima. Asubuhi Fundi alisimama nje na taulo begani, akipokezana miguu.

"Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo, Baba."

"Na mimi bado kidogo," alinong'ona Fundi. "Lakini kidogo sana."

Bibi alishatoa hukumu. "Tumbo hilo. Mtoto anaharisha, anaona haya kusema."

Akamchemshia maji ya tangawizi. Mgeni aliyanywa yote, akashukuru, akarudi bafuni.

Ijumaa moja Redio alikwenda kuoga. Nyuma ya ndoo iliyopinduliwa aliona kitabu kimefunikwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na kipande cha karatasi katika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Alitoka mbio.

"Mama! Mgeni haumwi tumbo! Anasoma kitabu bafuni!"

Baraza zima liliangua kicheko. Mama Redio alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akaanza kuwaza. Mtoto ana chumba kizuri chenye meza. Kwa nini aende kusoma juu ya ndoo iliyopinduliwa?

Jibu lilikuja Jumatatu. Lililetwa na Msimamizi, mwanamke kutoka kile chama cha wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kutembelea familia kila mwezi. Watoto walikuwa bado shuleni. Msimamizi aliketi, akatazama meza ya kukatia.

"Dada, meza yenu ina kitasa?"

Mama Redio aliweka kitambaa juu ya kitasa. "Ni mlango tu. Wa Mgeni. Ulikuwa unamfungia mtoto upweke."

Msimamizi alishusha pumzi. "Afadhali niseme moja kwa moja. Mgeni ameniuliza kama kuna familia nyingine ya kumpokea. Yeye alishindwa kuwaambia, akaniruhusu niwaambie mimi. Nitampa jibu mwisho wa mwezi."

Mkasi ulianguka sakafuni. Bibi aliuokota.

"Nimemkosea nini?" Mama Redio aliuliza. "Chakula anapata. Gauni nimemshonea. Watu anao!"

"Watu anao wengi mno, dada."

"Kumwacha mtu peke yake si utu!"

"Nami nilidhani hivyo," alisema Msimamizi. "Ngoja nikwambie yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na nane nilipelekwa kusoma kwenye nchi kama ya huyu mtoto. Familia iliyonipokea ilikuwa njema sana. Lakini jioni kila mtu aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Mimi nikabaki sebuleni na paka."

"Maskini! Walikuchukia?"

"Ndivyo nilivyoamini. Nililia wiki mbili. Siku moja mama wa nyumba alinikuta nikilia, akashtuka. Kumbe alidhani ananiheshimu. Alidhani nataka kupumzika, ndiyo maana hakunisumbua. Mimi nikiomba mtu, yeye ananipa kimya. Na wewe hapa, mtoto anaomba kimya, unampa watu."

Mama Redio alikiondoa kitambaa juu ya kitasa.

"Hakuna mwenye roho mbaya," Msimamizi aliendelea. "Kila mtu anampa mwenzake kile ambacho yeye mwenyewe angekipenda. Hapo ndipo familia nyingi huteleza. Dawa ni kuuliza, na kuuliza mapema. Unapenda nini? Unachoka saa ngapi? Nyumbani kwenu mlango ukifungwa una maana gani? Na ninyi mumweleze yenu. Asiachiwe kubahatisha."

"Sasa nimpe mlango, nisimwone tena?"

"Dada, mteja akifika hapa, anasema nini?"

"Anapiga hodi."

"Anaingia saa ngapi?"

"Nikisema karibu."

"Na chumbani kwa mtoto wako, wewe unapiga hodi?"

Mama Redio alitazama pazia la maua.

"Hodi yetu inaishia barazani," alisema Bibi taratibu. "Hilo ni kweli. Wala msinisahihishe."

Watoto waliporudi, Mgeni alimwona Msimamizi, uso ukamshuka. Mama Redio alimshika mkono, akamketisha karibu naye. Wateja aliwafukuza kwa upole.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa kusema, leo nataka kusikia. Niambie ukweli. Unatuchukia?"

Macho ya Mgeni yalijaa machozi. "Hapana, Mama! Nilidhani nikisema, mtaumia."

"Nimeumia kwa kutoambiwa. Sema."

"Shuleni nasikiliza Kiswahili kutwa nzima. Kila neno nalitafuta kichwani. Nikirudi, kichwa kinauma. Nikipata saa moja ya kimya, napona. Habari za barazani nazipenda. Nataka kuzisikia nikiwa na nguvu."

"Saa moja tu?"

"Saa moja tu."

"Na mimi nikipita na kitu, je?"

"Piga hodi, Mama. Usubiri niseme karibu."

Mama Redio aliitafuna habari hiyo. "Sawa. Lakini na mimi nina langu. Ukirudi usipite kama kivuli. Salimia waliopo, kisha sema unakwenda kupumzika. Ukipita kimya, mimi nadhani umepata msiba."

"Nitasema, Mama."

"Na bafu lirudishwe kwa wananchi," alisema Fundi.

Wote wakacheka. Hata hivyo, Msimamizi alipoaga, Mgeni hakusema kama atabaki. Alisema tu, "Ngoja hadi mwisho wa mwezi." Mama Redio aliisikia sentensi hiyo. Ilimchoma kama sindano.

Jioni ile Fundi aliurudisha mlango. Safari hii aliupiga randa kweli, pembeni, ili ufunge bila kelele. Michoro ya chaki ilikuwa bado juu yake.

"Niifute?" alimuuliza Mgeni.

"Iache, Baba. Ni suruali nzuri."

Siku ya kwanza Mgeni alirudi kutoka shule, akasimama barazani.

"Shikamoo Bibi. Hamjambo nyote. Nakwenda kupumzika, nitarudi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nenda," alisema Bibi.

Mlango ulifungwa. Mama Redio alishona mshono mmoja, akatazama mlango. Akashona wa pili, akatazama tena.

"Imebaki dakika ngapi?"

Redio alitazama saa. "Hamsini na saba, Mama."

Aliinuka na sahani ya matunda. Alifika mlangoni, akainua mkono kusukuma. Mkono ukakumbuka. Ukagonga.

"Hodi?"

"Naomba nipumzike kwanza, Mama."

Mama Redio alibaki amesimama na sahani yake. Maishani hakuwahi kujibiwa hivyo. Alirudi barazani, akakaa, akayala yale matunda mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa hasira kidogo.

Lakini saa ilipotimia, mlango ulifunguka. Hakuna aliyeusukuma kutoka nje. Mgeni alitoka na kiti chake, akakiweka katikati ya wateja. Macho yake yalikuwa maangavu.

"Mmesikia?" aliuliza.

Baraza likamgeukia.

"Mwalimu wa hesabu amenyoa ndevu. Na mkutubi amenunua viatu vipya. Siku hiyohiyo moja!"

Kelele zilizolipuka zilisikika mpaka karakanani. Fundi alitoka na msumeno mkononi akidhani kuna ajali.

Tangu hapo ikawa hivyo kila siku. Redio naye alianza kudai saa yake, na cha ajabu, alama zake za shule zikapanda. Bibi alianza kupigiwa hodi akilala mchana. Alijidai kweli. Alijibu "karibu" pale tu alipopenda.

Mwisho wa mwezi likizo fupi ilikuwa inaisha, shule zinakaribia kufunguliwa. Sare zilijaa barazani. Watu walipanga foleni, kila mmoja anataka yake leo. Mama Redio alishona tangu alfajiri. Ilipofika saa nane mchana, alishika kichwa kwa mikono miwili.

Mgeni alimwinua taratibu.

"Mama, chumba changu kipo. Nenda ukalale saa moja."

"Na wateja?"

"Mimi nitalinda mlango. Redio ataandika majina."

Mama Redio aliingia. Miaka ishirini ndani ya nyumba ile, na ndiyo mara yake ya kwanza kufunga mlango na kubaki upande wa ndani peke yake. Nje walisikia kitanda kikilia kidogo. Kisha kimya.

Msimamizi alifika na karatasi zake. Alimkuta Mgeni ameketi mbele ya mlango wenye suruali ya chaki, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hodi hapa."

"Karibu. Ila sema kwa sauti ya chini. Mama anapumzika. Amebakiza dakika ishirini."

Msimamizi alitazama mlango, akatazama foleni, akatabasamu. "Nimekuja kuchukua jibu lako. Nimepata familia. Wapo wawili tu, nyumba ina utulivu."

Mgeni alitikisa kichwa. "Nashukuru sana. Lakini siwezi kuhama. Nikihama, nani atamlinda Mama?"

Nyuma ya mlango kitanda kililia tena. Ikasikika sauti yenye usingizi.

"Nani huyo amekuja? Amesemaje?"

"Mama!" baraza zima lilijibu kwa pamoja. "Pumzika!"

"Napumzika," sauti ilisema. "Lakini mmesikia? Mtoto wangu anabaki."