Ushuhuda wa Mguu wa Kushoto

Saa ya chakula cha mchana, katikati ya Januari, Minneapolis nzima hupanda juu. Barabarani hubaki theluji na mabasi. Watu wote wamo kwenye skyway, zile njia za vioo zinazovuka kutoka jengo hadi jengo. Humo ndimo Chepkemoi, muuguzi msaidizi mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata akiwa na nafasi, alipokaribia kumpiga kumbo mwanamume aliyesimama katikati ya njia. Alikuwa mrefu, koti la kijivu limenyooka kwa pasi, magongo mawili kwapani, na mguu wa kushoto umefungwa vyuma kutoka paja hadi kifundo.

"Sorry," akasema, akitaka kupita.

"Yesu wangu," mwanamume akajisemea kwa Kiswahili, akitazama chini kupitia kioo. "Magari iko chini, watu iko juu."

Chepkemoi akasimama. "Na wewe uko katikati, umefunga njia. Unaenda wapi?"

"Kwa avocat wangu. Niko nazunguka humu tangu asubuhi."

"Lawyer? Kwani umeiba nini?"

"Nilikuwa ku velo, gari ikaniiba mguu."

Chepkemoi alicheka bila kutaka, kisha akaona haya, kisha akamsindikiza mpaka mlangoni. Njiani akapata habari yote. Aliitwa Ntwali, Mkongomani anayeishi Hopkins, mpishi wa hospitali. Asubuhi moja akienda kazini kwa baiskeli, pikapu ilikata kona bila kutazama ikamkuta kwenye njia ya baiskeli. Upasuaji wa kwanza uliunga mfupa. Wa pili ndio ungelifanya goti likunjike tena. Bila huo, angeburuta mguu maisha yake yote. Bima ya dereva ilitakiwa kulipa, nayo ilikuwa ikivutana na wakili wake, Alfred Wanjala.

Mapenzi hayana hodi. Kabla theluji ya wiki ile haijazolewa, simu zilikuwa zimeanza.

"Umekula?"

"Nimekula, Kemoi."

"Uongo. Umekula nini?"

"Nimekula sauti yako."

"Hiyo haina protein. Chemsha mayai."

Jumapili moja Ntwali akamwalika kanisani kwao, Brooklyn Center. Chepkemoi akavaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa hadi kina mama wakageuka. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Ntwali akapanda mbele. "Wapendwa," akasema, "nimepona." Akaweka magongo chini. Akacheza. Kanisa lote likasimama, ngoma ikapokea, na Chepkemoi, ambaye kwao ibada ni ya watu wakimya, akahisi nywele zinamsimama. Hakujua alikuwa analia. Simu yake ilikuwa juu, inarusha moja kwa moja Facebook, na chini yake ameandika: Mungu ametenda, amepona kabisa.

Ibada ilipokwisha alimkuta kwenye kijia cha kuelekea vyooni, amelala sakafuni, ameuma mkono wa koti ili wanakwaya wasimsikie.

"Ntwali! Si umesema umepona?"

"Kwetu unashukuru mbele ya kupata. Ndiyo imani." Jasho lilimtiririka. "Usiambie mtu nilianguka, chérie. Watasema Mungu alishindwa. Niapie."

Akaapa. Nani angekataa kuapa pale?

Mwezi uliofuata Wanjala akampigia Chepkemoi simu. "Dada, ile video yako upande wa pili wanayo. Wanasema mteja wangu anacheza, operation ya nini tena?"

"Lakini X-ray si mnazo?"

"X-ray haichezi, dada yangu. Nakuhitaji uje useme ulichokiona."

Jioni hiyo hiyo akamweleza Ntwali.

"Hapana," Ntwali akasema. "Kama unasema nilianguka, unanifanya muongo mbele ya Mungu."

"Na nisiposema, hutatembea vizuri tena."

"Basi nitaburuta. Uliapa, Kemoi."

Hakulala vizuri. Alimpenda mtu huyu kuliko alivyojiona mwenyewe anaweza kupenda, na njia zote mbili zilikuwa za kumpoteza.

Siku ya kuhojiwa chini ya kiapo waliketi kwenye ofisi ya ghorofani, kila neno likichapwa. Wakili wa bima, mama mpole mwenye mkufu wa lulu, aliicheza video, akauliza: "Uliandika amepona kabisa. Ulidanganya siku ile, au unataka kudanganya leo?"

Ntwali, shati jeupe limefungwa vifungo vyote, akamtikisia Chepkemoi kichwa.

"Sikudanganya," Chepkemoi akasema. "Kanisani kwao mtu hushukuru kabla hajapokea. Nilimwona akishukuru. Halafu nikamwona sakafuni." Akaeleza kijia, jasho, mkono wa koti. Hakubakiza.

"Kwa hiyo Mungu hakumponya?"

"Hilo muulize Mungu. Mimi nimeulizwa habari ya mguu."

Ntwali akachukua magongo yake, na mlangoni akasema polepole, "Umenivua nguo mbele ya watu." Baada ya hapo hakupokea tena simu za Chepkemoi.

Theluji ikayeyuka. Wanjala akapiga kusema bima imekubali kulipa, upasuaji na mishahara iliyopotea. Chepkemoi akashukuru, akakata simu, akaingia stoo ya mashuka akalia mpaka akaitwa.

Kisha asubuhi moja, akiwa mapumzikoni kazini, jina likaonekana kwenye simu.

"Kemoi."

"Sema, Ntwali."

"Niko hôpital. Wananikata leo." Akavuta pumzi. "Jumapili nilisimama tena kanisani. Niliwaambia nilianguka."

"Wakasema nini?"

"Kwanza, kimya. Kisha Mama Pascasie akasimama, akasema mgongo wake haujapona tangu alipotoa ushuhuda kwamba umepona. Mwingine naye akasimama. Na mwingine. Tulilia, tukashikana mikono, tukaimba, hakuna mtu alitaka kwenda nyumbani. Vraiment, sijawahi kuona Mungu karibu vile. Niliogopa. Nilitaka uwe pale."

Chepkemoi akaegemea ukuta.

"Nilikukasirikia bure," Ntwali akasema. "Unisamehe."

"Nimekusamehe. Nimekumiss mpaka nimekonda."

"Usikonde, mpenzi. Sikiliza, muuguzi iko hapa na kitanda. Anauliza nani ananingoja nikitoka. Nimesema Chepkemoi. Anauliza, Chepkemoi ni nani yako?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia angoje kidogo, nikuulize."

Upande wa pili alisikia magurudumu ya kitanda, na mtu akikohoa kwa adabu.

"Mwambie ni bibi yako," akasema. "Na umwambie niko njiani."

Akamsikia Ntwali akimweleza muuguzi kwa Kiingereza chake cha taratibu, akirudia mara mbili ili aeleweke, naye Chepkemoi akaenda kumtafuta msimamizi wake wa kazi aombe ruhusa ya kutoka.