Jina Lililorusha Kalamu

Jioni ile Daktari Rahimu alinituma mimi, muuguzi wake, stoo nikalete pamba na spiriti. Ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa Dodoma mjini, na yetu ilijivunia mashine ya kupima umeme wa ubongo. Mgonjwa anabandikwa nyaya kichwani, kalamu zinachora mistari kwenye karatasi. Ubongo ukishtuka, kalamu zinaruka.

Niliporudi, mgonjwa alikuwa ameshakalishwa kitini. Aliitwa Loisi, mke wa Sila, mkulima wa upande wa Mtera aliyemleta. Alikwenda kuokota kuni akapotea. Walipompata alikuwa amesimama peke yake porini, hasemi neno. Kijijini walisema wachawi wamemchukua msukule, lililobaki ni ganda.

Nilimshika kichwa nimbandike nyaya.

Baridi... Na nywele zake zilinuka udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Loisi," daktari aliita.

Kalamu zilitambaa polepole, kama za mtu aliyelala fofofo. Lakini macho yalikuwa wazi. Yalinitazama mimi.

"Loisi!"

Kalamu hazikubadili mwendo.

Sila alisogea, akanong'ona. "Daktari... jaribu kumwita Anastazia."

"Anastazia ndiye nani?"

"Mke wangu wa kwanza. Nyumbani nikilitaja jina hilo, huyu hugeuka."

"Yuko wapi huyo Anastazia?"

"Nilimzika mwaka juzi."

Daktari alisita. Sila hakungoja. Aliinama mpaka sikioni mwa mkewe.

"Anastazia..."

Kalamu zikaruka.

Zote kwa pamoja. Krr... krr... krr... zikachana karatasi. Loisi akageuza shingo taratibu, akatabasamu.

"Sila," alisema kwa sauti iliyokauka. "Mbona umechelewa kuniita?"

Sila alipiga ukelele, akatoka mbio kwenye mvua, viatu kaviacha mlangoni. Mimi nilitaka kumfuata. Lakini mgonjwa alikuwa bado na nyaya kichwani.

Daktari alizima mashine. "Sista Zipora," aliniambia baadaye, "ubongo ukipata mshtuko mkubwa unaweza kujisahau, ukashika jina la mtu unayemwogopa. Kitaalamu inawezekana."

Lakini hakuingia tena chumba kile.

Habari zilipofika kijijini, alikuja mama yake Anastazia, bibi wa Kigogo aliyekwisha kupinda mgongo. Mgonjwa alipomwona alipiga magoti, akamwamkia kwa jina la utani alilokuwa akiitwa na marehemu binti yake tu. Bibi alilia mpaka akakaa chini. Kisha akamshika mkono, wakaondoka pamoja. Hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Aliyefuata alikuwa mama yake Loisi.

Nilidhani atatutukana. Hakututukana. Alikuwa amekumbatia kanga ya binti yake, akachungulia chumba cha mashine, chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Halafu akanishika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu," alininong'oneza, "yule mmemwita, akaja. Wangu mmemwacha wapi?"